Maziwa ya Bertille

Bertille alipotangaza kwamba atamnyonyesha yule mtoto yeye mwenyewe, kwa maziwa yake mwenyewe, watu waliokuwa matangani walidhani huzuni imempanda kichwani. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, aliyekaa kwenye ndoa miaka kumi na minne bila kupata hata mimba ya kusingiziwa, leo anyonyeshe! Jirani yake Laure, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo, alimvuta kikwembe na kumnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka nje ya ua.

"Bertille, kaa chini. Umechoka."

Bertille hakukaa.

Matanga yenyewe yalikuwa ya Anne, msichana aliyetoka Niemba kuja Kalemie kujifunza kushona kwa Bertille. Alikuwa akiishi katika chumba cha nyuma cha Bertille, mchangamfu, mkono mwepesi kwenye cherehani, mzito kwenye kuosha vyombo. Tumbo lilipoanza kuonekana hakumtaja mwenyewe, wala hakutokea mwanamume wa kujitaja. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Néhémie, na siku chache baadaye homa ya uzazi ikamchukua. Bertille alilia mpaka sauti ikakauka. Alimpenda yule binti, alimpenda kweli, pamoja na vyombo vyake vichafu. Na siku ya mwisho Anne alikuwa amemwekea mtoto mapajani na kusema, "Mama Bertille, ni wako."

Toussaint, mume wa Bertille, ambaye kazi yake ni kutengeneza mota za mitumbwi, alikubali kabla hajaulizwa. Watu wa ofisi ya mambo ya jamii hawakuwa na kipingamizi. Kipingamizi kilikuwa kimoja tu, kimekaa mkekani na kitambaa cha kilio kichwani, na jina lake ni Mama Agnès, mama mzazi wa Anne.

Na tusimwonee, Mama Agnès hakuwa mtu mbaya. Alisema mbele ya wote, bila kupandisha sauti: "Mimi sina ugomvi na Madame Bertille. Alimutunza mutoto wangu. Lakini huyu ni wa kunyonya. Kule Niemba niko na wakwe watatu, wote wananyonyesha. Hapa iko nini? Iko maziwa ya mukebe na biberoni, ile chupa ya kunyonya. Watoto wa biberoni wanakufaka na kuhara, nimewazika kwa mikono yangu. Nitaenda naye."

Hapo ndipo Bertille aliposimama na kutoa lile tangazo lake. Lilimtoka tu, kama kikohozi.

Mama Agnès alimtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili, macho yakarudi tena kifuani, yakakaa hapo kwa muda. "Wewe njo utamunyonyesha, wewe mwenyewe?"

"Mimi, Mama."

"Sawa. Niko na karanga shambani. Nikimaliza kuvuna nitakuja. Nikikuta mutoto ananyonya ziwa lako, atabakia hapa na sitasema kitu tena. Nikikuta biberoni, nitamubeba mugongoni siku ile ile."

Wazee wa pande zote mbili wakaitikia kwa vichwa. Likawa neno la matangani, na neno la matangani kwao halirudishwi.

Walipobaki wawili, Toussaint alimuuliza mkewe taratibu, kama anayesogelea mota iliyoshika moto: "Bibi yangu, unajua namna gani watu wanafanya hiyo kitu?"

"Hapana," akajibu Bertille. "Lakini nitajua."

Kesho yake asubuhi alikuwa kwenye kituo cha afya, mtoto kifuani, amesimama mbele ya Papa Michée, muuguzi wa sehemu ya watoto wenye utapiamlo. Alijiandaa kuchekwa. Papa Michée hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Inawezekana," akasema.

"Inawezekana?" Bertille nusura amdondoshe mtoto.

"Ni kazi, Mama, nisikudanganye. Lakini titi halingojei mimba peke yake. Linangojea kunyonywa. Likinyonywa mara nyingi, kila siku, mchana na usiku, linaanza kufanya kazi."

Akavuta droo na kuonyesha kimrija chembamba cha plastiki, kile ambacho pale kituoni wanakiita sonde. Ncha moja inazamishwa kwenye kikombe cha maziwa ya mkebe, ncha ya pili inabandikwa kwa plasta kando ya chuchu. Mtoto akinyonya, anavuta maziwa ya kikombe na titi kwa pamoja. Anashiba, wala hajui kwamba yuko kazini. "Kila akivuta, anagonga mulango," alisema Papa Michée. "Siku moja utafunguka. Pengine utapata nusu ya kinachomutosha, pengine chini ya hapo. Inayobakia utaongeza na kikombe. Hiyo si haya, Mama. Umenisikia? Si haya hata kidogo."

Bertille alisikia yote isipokuwa hayo ya mwisho. Yaliingia sikio hili, yakatokea lile.

Jamani, siku ya kwanza! Bertille kwenye kiti cha plastiki, plasta imekaa upande, Toussaint amesimama nyuma yake ameshika kikombe kwa mikono yote miwili. Mtoto akaliangalia lile titi kama hakimu anavyomwangalia shahidi muongo. Kisha akalivamia.

"Yee Mama!" Bertille akaruka.

"Anauma? Hana meno!"

"Shusha kikombe! Anapaliwa! Sasa pandisha! Toussaint, nimesema pandisha, si kunimwagia shingoni!"

Maana siri yote ilikuwa kwenye kikombe: ukikipandisha maziwa yanakimbia, ukikishusha yanatembea. Toussaint, ambaye maisha yake yote amepima petroli kwa macho, alijifunza upesi. Baada ya siku kadhaa aliweza kusikiliza jinsi mtoto anavyopumua na kukipeleka kikombe juu na chini bila kuambiwa. Wenzake ufuoni walimcheka mpaka wakashika mbavu. "Ee Toussaint, mota yako mpya inakunywa mafuta gani?" Aliwajibu kwamba inakunywa sana, tena haina moshi.

Mtaa mzima ukajitia uganga. Huyu alete supu ya karanga, yule sombe ya majani ya muhogo na mawese, mwingine mchuzi wa vidagaa vya ndakala wenye tangawizi ya kutoa machozi. Laure alifika kila asubuhi na dawa mpya kwenye bakuli, na kila asubuhi alikaa akaila nusu yake, ati kumpa mwenzake moyo. Bertille akanenepa mashavu, akanenepa mikono, cherehani ikaanza kumbana. Kifua kikabaki vile vile.

Na wapo waliosema, maana watu hawakosi la kusema. Kanisani, mama mmoja wa kwaya alisogea mwisho wa benchi Bertille alipoketi, kana kwamba maziwa bila mimba ni ugonjwa wa kuambukiza. Wengine walihesabu miezi kwa vidole, wakaamua kwamba mtoto ni wake wa siri na marehemu alisingiziwa. Hao Bertille hakuwaogopa kama alivyowaogopa wale waliomhurumia. Wenye kuhurumia walimtazama kifuani, kisha wakatazama pembeni.

Wiki zikapita. Alimnyonyesha mtoto kabla ya kushona, baada ya kushona, na katikati ya kushona, sare za wanafunzi zikitoka zimepinda mishono. Alijikamua mpaka vidole vikafa ganzi. Kukavu. Kuna mchana mmoja alijifungia chumbani akajitazama kwenye kioo na kuliambia lile titi, kwa sauti kabisa, maneno ambayo mke wa mtu haruhusiwi kuyasema. Kisha akalia. Alilia kwa sababu karanga za Niemba zilikuwa zinakomaa huko ziliko, hazimngoji mtu, na kwa sababu Néhémie alikuwa ameshaanza kumchekea, kicheko cha ufizi, na kumshika kidole asikiachie. Angempeleka wapi yule mtoto moyoni mwake, akishachukuliwa?

Hivyo siku maziwa yalipofika, hata hakuyajua.

Ilikuwa alasiri. Alikuwa amemaliza kumlisha mtoto, kikombe kitupu, anamfunga Néhémie mgongoni arudi kwenye cherehani. Akasikia ubaridi kwenye blauzi. Hasira zikampanda.

"Toussaint! Umenimwagia tena! Nimekwambia mara ngapi?"

Ndipo akakumbuka kwamba Toussaint yuko ufuoni tangu asubuhi, na kikombe alikishika Laure, na Laure amekwenda zake.

Akafungua vifungo. Tone moja, jeupe, linaning'inia. Akalifuta kwa kidole. Likaja la pili.

Alipiga kelele ambayo Laure aliisikia kwake na kuruka uzio na fagio mkononi, akidhani ni nyoka. "Iko wapi? Iko wapi?"

"Iko hapa!" Bertille akamwonyesha.

Laure akatupa fagio, akachukua tone kwa kidole na kulitia ulimini bila kuomba ruhusa. Akatulia kama muonjaji wa mchuzi wa arusi. "Bertille," akasema, macho yamemjaa machozi, "ni maziwa! Na yana sukari!" Wakashikana mikono wakacheza pale pale, mtoto mgongoni kichwa kikiyumba, mpaka akatapika alichokunywa.

Tangu hapo yakawa yanaongezeka kidogo kidogo. Mwanzo kwa matone, kisha yakatosha kumlowesha mtoto kidevu, kisha Papa Michée akapima na kupima tena na kusema wamefika karibu nusu. Nusu yake, nusu kutoka kwenye kikombe. Néhémie akawa na mapaja yenye mikunjo. Mtu mwenye akili angeshukuru Mungu na kulala usingizi. Bertille akaanza kuogopa upya, kwa sababu alichoahidi matangani ni ziwa lake, hakuahidi nusu.

Habari zikaja na lori la mihogo: karanga za Mama Agnès zimevunwa, yuko njiani.

"Mueleze tu," Toussaint alishauri. "Sonde ni sonde. Papa Michée atakuja kushuhudia."

"Nimueleze plastiki? Mama aliyesema biberoni inaua? Ataona ni mamoja."

"Lakini maziwa yako iko!"

"Iko nusu, Toussaint. Nusu!"

Basi akala njama na Laure, na hilo peke yake lingetosha kumwonya. Kiti kitawekwa mbele ya pazia linalotenga sebule na chumba. Mrija utapita chini ya kikwembe, chini ya pazia. Laure atakaa nyuma ameshika kikombe, na kwa mara ya kwanza tangu abatizwe, atanyamaza.

Mama Agnès aliingia na gunia la karanga, na kuku mwekundu aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba. Alikuwa amekonda tangu matanga. Akasalimia, akanywa maji, akamweka kuku sakafuni, akanyoosha mikono. "Mulete tumuone."

Alimkagua mjukuu wake kila mahali, utosi, kwapa, visigino, mikunjo ya mapaja. Ilionekana wazi kwamba amefurahi, na kwamba hataki ionekane. "Anyonye," akasema.

Bertille akaketi, akajifunika kikwembe, moyo ukimdunda kuliko cherehani. Néhémie akashika, akavuta, koo likaanza kufanya kazi gluku, gluku. Mama Agnès akainama, akasikiliza. Uso wake ukalegea. Akafungua mdomo kusema neno, na Bertille anaapa mpaka leo kwamba lingekuwa neno zuri.

Lakini kuku alikuwa ameifungua kamba. Akapita chini ya pazia, akaona vidole vya miguu vya Laure, vimepakwa rangi nyekundu, akadhani ni chakula.

"Mamaaa!"

Kikombe kikaanguka. Maziwa yakatambaa sakafuni chini ya pazia mpaka kwenye nyayo za Mama Agnès. Bibi wa mtoto akayatazama. Akauona mrija, akaufuata kwa kidole polepole kutoka sakafuni, kwenye mguu wa kiti, juu, mpaka ulipopotelea kwenye kikwembe. Akakifunua.

"Hii ni nini?"

Bertille akajaribu kukirudisha kikwembe.

"Ulisimama mu kilio cha mutoto wangu," alisema Mama Agnès. "Kilio cha Anne. Ukasema ziwa lako. Mimi nilienda kuvuna karanga nikiwaambia watu, iko mama Kalemie ananyonyesha mujukuu wangu." Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga. Akamtoa mtoto kifuani, akamfunga mgongoni kwa mafundo mawili, akashika mfuko wake.

"Mama, sikiliza kwanza," Toussaint akaanza.

"Wewe nyamaza."

Wakatoka wote mpaka barazani nyuma yake, lakini hakuna aliyethubutu kumgusa. Bertille aliung'oa mrija, ukaanguka kizingitini, akasimama hapo mlangoni akifunga blauzi. Kila kitu alichokitaka duniani kilikuwa kinavuka ua mgongoni mwa mtu mwenye haki ya kukichukua, na aliyemsukuma ni yeye mwenyewe na ujanja wake.

Mama Agnès alikuwa amefika langoni Néhémie alipogundua kwamba hakumaliza kula. Alianza kwa kulalamika. Kisha akageuza kichwa, akamtafuta Bertille kwa macho, akalia kile kilio cha njaa chenye kukatika katikati, ambacho Bertille angekitambua hata sokoni katikati ya watoto mia.

Kitu kikamchoma Bertille chini ya makwapa, kikashuka. Hakukijali. Alikuwa anatazama kile kichwa kidogo tu. Blauzi yake ya buluu ikawa nyeusi upande huu, kisha upande ule, kisha ikaanza kudondosha. Tone, tone, kwenye simenti ya baraza. Laure aliona. Alinyoosha kidole tu.

Mama Agnès aligeuka atupe neno la mwisho. Akaona.

Akatazama mrija: umelala sakafuni kwenye kizingiti, kuku anaudonoa. Akatazama blauzi. Akarudi, hatua za mtu asiyeamini macho yake, akaweka kiganja kifuani kwa Bertille bila kubisha hodi, kama wanavyofanya wazee wa kike. Akasugua vidole, akanusa.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, Mama." Sasa maneno yakamwagika pamoja na machozi. "Lakini haitoshi. Nusu ni yangu, nusu ni ya mukebe. Muganga wa kituo njo alinionyesha. Nilisema ziwa langu, nikapata nusu, nikaogopa kukuambia nusu. Unisamehe."

Mtoto analia mgongoni, majirani wamejaa uzioni, Mama Agnès bado anavitazama vidole vyake vilivyolowa.

"Anne," akasema mwishowe, "nilimuzaa mwaka wa njaa. Maziwa yangu yalikuwa haitoshi. Nilimuongezea uji wa muhogo." Akafuta pua na ncha ya kikwembe. "Alikua. Si alikua muzuri?"

"Alikua muzuri sana, Mama."

Akafungua mafundo, lile la kwanza, lile la pili. "Ikala pale, kaa chini. Anakulilia wewe, hanililii mimi."

Bertille akaketi kwenye ngazi ya baraza, mbele ya mtaa mzima, bila mrija, bila pazia. Néhémie akashika na kunyamaza. Mama Agnès akaketi kando yake, akamshika mtoto mguu.

Kisha Mama Agnès akakohoa. Sauti yake ya Niemba ikarudi, ile ya kuendesha wakwe watatu.

"Papa Toussaint!"

"Niko, Mama."

"Unalala wapi?"

Toussaint akatazama kulia na kushoto. "Mu chumba. Na bibi yangu."

"Basi shika kigodoro chako. Mama mwenye kunyonyesha halali na bwana yake, maziwa yanaharibika. Kwetu ni vile. Utalala sebuleni, mu salon, mpaka mutoto atembee."

Uzioni watu wakaangua kicheko. Toussaint alimgeukia mkewe, mdomo wazi, akitegemea kwamba atamwokoa, kwamba atasema yeye si mzazi, mambo hayo ni ya wanawake waliozaa. Bertille alikuwa ameinamisha kichwa juu ya mtoto, mabega yakitetemeka. Miaka kumi na minne alikuwa amesikia mwiko ule ukiwekewa wake za watu, kila mwaka nyumba hii au ile, wao wakinung'unika, yeye akichekesha wenzake na kurudi kwake kulia. Hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kumwekea yeye. Alipoinua uso ulikuwa umelowa wote, na anacheka.

"Umesikia Mama amesema nini," akamwambia mumewe.

Toussaint alimtazama kidogo. Akaingia chumbani. Akatoka na kigodoro kichwani, akapita barazani kwa hatua za bwana arusi, akasimama pale ambapo kila jirani angemwona, akapaza sauti mpaka ikafika barabarani:

"Munipishe! Munipishe, bibi yangu ananyonyesha!"